Kiatu Kimoja cha Mama

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa mwanangu,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kelele,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anapumua, ingawa siku hizi anapumua kwa awamu. Hujambo huko uliko? Magoti yako je? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini limeshastaafu kazi hiyo. Shemeji naye, kikohozi kimemwachia? Na yule mjukuu wako anayeuma watu, ameacha, au ndiyo kwanza anaota meno mengine?

Hali yangu mimi si nzuri, na kwa kuwa barua hii ni ya kufichua, acha nianzie hapo. Moyo umechoka. Daktari, kijana mpole sana, alinizungusha kwa maneno mengi mpaka nikamwambia, "Daktari, mimi nilikuwa mhariri. Nipe sentensi fupi." Akanipa. Ilikuwa fupi kweli. Usilie kabla ya wakati. Sina maumivu makubwa, chakula kinapita, na usingizi ninao hata usiohitajika. Ila nimeelewa kwamba mambo niliyoyaweka kiporo hayawezi kuendelea kukaa.

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza ni dogo na linanifurahisha: kwa mwaka mzima na zaidi nimekuwa mwanafunzi. Nina mwalimu wa uandishi, wangu peke yangu, na kila wiki nimekuwa nikienda kwake na mswada wangu kwapani, huku nyumba nzima ikiamini kwamba nakwenda kufanyiwa mazoezi ya mguu.

La pili ni kubwa, nalo linahusu maneno ya mwisho ya mama, yale uliyoyatarizi kwa uzi wa buluu ukayatundika juu ya kitanda chako. Hilo nitalisema mwishoni. Sikuchezei. Nimejaribu kuanza nalo mara kadhaa, na kila mara lilitoka limevaa suti. Lazima kwanza nikueleze habari za mwalimu wangu, maana bila yeye nisingejua namna ya kulisema. Tafadhali usiruke kurasa. Nakujua.

Kitabu changu unakikumbuka. Nani katika ukoo huu asiyekikumbuka? Hakuna harusi iliyopita bila mtu kuniuliza, "Kaka, kitabu kimefika wapi?" nami nikajibu, "Kinakaribia." Mwanangu alipokuwa mdogo aliamini kwamba hilo ndilo jina lake, akawa anawaambia wenzake shuleni kwamba baba yake anaandika kitabu kiitwacho Kinakaribia.

Basi kilikuwepo kweli. Kilimhusu mama, na nilikuwa nimekimaliza. Hapakuwa na koma iliyokaa mahali pasipo pake. Unajua kazi yangu ilivyokuwa: maisha yangu yote nimesahihisha vitabu vya shule, na ofisini waliniita Wino Mwekundu, kwanza kwa siri, halafu waziwazi. Mimi ndiye niliyewahi kurudisha kadi ya mwaliko wa harusi ikiwa na masahihisho. Kwa hiyo mswada wangu ulikuwa safi kama shuka la hospitali. Nilichotaka ni mtu mmoja tu wa kuupitishia jicho na kuniambia kwamba ni mzuri.

Muuza vitabu wa karibu na benki ndiye aliyenielekeza. Alisema yuko mama mmoja, zamani mtayarishaji wa vipindi vya redio, ambaye sasa anawafundisha waandishi mmoja mmoja, hachukui wawili kwa wakati mmoja. Nikaenda. Chumba chake kiko juu ya duka la kutengeneza vyerehani, na ngazi zake zimejengwa na mtu asiyewapenda wazee. Ndani kuna meza moja, viti viwili, dirisha linalotazama paa la mabati la jirani, na rafu ya vitabu iliyoinama upande kama mtu anayesikiliza umbea. Huko chini fundi akijaribu mashine, sakafu inatetemeka kidogo na vikombe vinaongea.

Nilimkabidhi mswada kwa mikono miwili. Hakuufungua.

"Sisomi, mzee wangu," alisema. "Unasoma wewe. Mimi nasikiliza."

"Lakini nimekuchapishia nakala safi kabisa."

"Nauona usafi wake. Iweke pale isichafuke, kisha chukua hiyo nyingine usome."

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mhariri yeyote akilifanya. Aligeuza kiti chake akatazama ukuta, akanipa mgongo, akashika penseli. Akasema, "Nikiacha kumwona mama yako, nitagonga meza. Wewe usisimame. Endelea tu."

Nikakohoa, nikarekebisha miwani, nikaanza: mama yetu alikuwa mwanamke mwadilifu, mchapakazi, na mwenye mapenzi makubwa kwa wanawe. Akagonga mara tatu, sifa moja kwa pigo moja. Nikaendelea, naye akaendelea. Aligonga ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikaona haya kwa fundi wa chini, asije akadhani huku juu tumefungua karakana ya useremala. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kusikia masikio yakipata moto. Mimi, Wino Mwekundu, kugongewa meza!

Kisha pakawa kimya. Nikasoma aya nzima bila pigo. Nikadhani bibi wa watu amesinzia.

"Umelala, Mwalimu?"

"Nyamaza," akasema bila kugeuka. "Namtazama."

Nikarudi nyuma kuona nilikuwa nimesoma nini. Ilikuwa ile habari ya kiatu. Unaikumbuka? Kwamba mama akirudi nyumbani alivua kiatu kimoja tu, akawa anazunguka ndani vile vile, mguu mmoja juu na mmoja chini, akipika, akifokea redio, akitukimbiza sisi, kwa sababu alisema hana hakika kama hatatoka tena. Sentensi ile ilibaki mle kwa bahati. Nilikuwa nimeiwekea alama ya kuiondoa kwa kuwa haikuwa na heshima.

"Kwa nini kimoja?" mwalimu akaniuliza.

"Ndivyo alivyokuwa. Alisema huenda akatoka tena."

"Na alikuwa anatoka?"

"Ni mara chache sana. Alikuwa na mume, watoto, nyumba."

Hapo akageuza kiti akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mzee wangu, huyu mama wa kiatu kimoja nitamsikiliza mpaka kesho. Yule mwingine wa mwanzo, mwadilifu na mchapakazi, ulikuwa unamwandikia barua ya kumwombea kazi."

Mdogo wangu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu nilipofiwa na mke wangu. Nikashuka zile ngazi nikiwa sina kitabu, maana kurasa zangu karibu zote zilikuwa zimekufa, na bado nilishuka kama mtu aliyepewa zawadi.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, na nataka ujue jinsi ninavyomheshimu, kwa sababu nimefanya kazi na walimu na maprofesa na sijaona mtu anayesikiliza kama yeye. Hajawahi kunipa sentensi hata moja. Ningemwambia, "Basi sema wewe ungeandikaje," naye angejibu, "Mimi sikumjua mama yako." Kila mara aliniachia swali moja tu la kwenda nalo nyumbani, na swali lenyewe lilikuwa dogo la kuudhi. Mikono yake ilikuwa inafanya nini? Alikuwa anatazama wapi? Kicheko chake kilianzia wapi, puani au kifuani? Nilikuwa nikilala na swali hilo wiki nzima, na ghafla, nikiwa nakata kucha au nachovya mkate kwenye chai, mama anaingia. Anaingia kabisa, Kelele, na harufu ya sabuni na ile tabia ya kujibu swali kwa swali.

Kalamu yangu nyekundu aliniamuru niiache mlangoni, kama mtu anavyoacha mwavuli. Akanipa penseli isiyo na kifutio. "Ukikosea, kosa likae," alisema. "Tutaliangalia wote."

Naye akikosea alisema. Siku moja aligonga nilipokuwa nasoma mama anavyobishana na mtangazaji wa taarifa ya habari, "Wewe nawe, jana ulisema vingine!" Nilipomaliza akasema, "Pale nilipogonga, lile pigo lifute. Nilikuwa nafikiria gesi yangu imeisha. Mama yako hana kosa." Niambie ni mkubwa gani wa kazi uliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Mguu nao ukapona. Hili sikulitarajia. Zile ngazi zilifanya kazi yake kimyakimya, na mkwe wangu, mke wa mwanangu, ambaye ni mtu mwema lakini anapenda kutoa taarifa, akawa anawatangazia majirani, "Hao wa mguu wanajua kazi! Baba alikuwa anaburuta, sasa anapandisha." Nami nikawa natikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Tukafika kwenye sura ya wewe kuondoka.

Nilikuwa nimeiogopa, lakini ilinitoka vizuri kuliko zote. Nilikuandika ulivyokuwa, msichana mwenye mdomo, umeshapata nafasi ya kusomea uuguzi nchi ya mbali, na mama amekataa kulizungumza jambo hilo tangu siku ile mlipogombana. Niliandika sanduku lako la kamba, teksi ikipiga honi nje, baba ameshika mlango kama bawabu asiyejua alipwe au alipe. Na mama yuko jikoni, ametupa mgongo, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Ukasema, "Mama, naondoka." Akajibu bila kugeuka, "Mlango unaujua."

Mwalimu hakugonga hata mara moja. Nilipomaliza, fundi wa chini akashona kipande chake cha majaribio, vikombe vikatulia.

"Na miguu?" akauliza.

"Miguu ya nani?"

"Ya mama. Umenipa mgongo, umenipa mikono na sufuria. Miguu yake umeiacha wapi?"

Moyo huu uliochoka ukaruka pigo. Nikasema, "Sikutazama."

"Hakuna aliyetazama?"

"Sote tulikuwa tunatazama mgongo."

"Sawa," akasema taratibu. "Acha pengo hapo. Ila mimi najua lipo, na wewe unajua."

Halafu ikaja sura ya mwisho, ya hospitali. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya kutulia. Chumba alikiona, shuka aliliona, na baba kwenye benchi la nje, kofia magotini, alimwona. Nikafika kwenye maneno yenyewe. Unayajua kuliko mimi, umeyalalia miaka yote hii: "Mwambieni mwanangu kwamba nimemsamehe yote, na radhi zangu zimfuate popote aendapo."

Akagonga.

Nikadhani amejisahau. Nikarudia. Akagonga tena, pigo dogo, la huruma, na kwa kuwa lilikuwa la huruma liliniuma zaidi.

"Mwalimu," nikamwambia, "hayo ni maneno ya marehemu. Hayagongewi meza."

"Mzee wangu, na mimi mama huyu nimekaa naye mwaka mzima. Ameniambia mlango naujua. Amegombana na redio mbele yangu. Leo ameingia mtu mwingine kitandani kwake, ana sauti nzuri sana."

"Mtu gani?"

"Mimi simjui. Ila nadhani ana kalamu nyekundu."

Nilikusanya karatasi zangu nikaondoka bila kuaga. Mtu mzima, Kelele, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende. Wiki iliyofuata sikwenda, wala iliyofuata. Mkwe akaniuliza vipi mguu, nikasema umepona, sihitaji tena. Nikalala kitandani nikitazama dari, na kila nilipofumba macho niliyasikia maneno ya mama, ila si yale ya kwenye kitambaa chako.

Ndipo mwalimu akaja mwenyewe. Mkwe alimfungulia mlango, akamtazama viatu vyake vya kutembelea, akafurahi.

"Wewe ndiye daktari wa mguu?"

Nilikuwa nimekaa sebuleni, nikaona roho inanitoka. Mwalimu akanitazama, akaelewa yote kwa mara moja, kama alivyozoea.

"Namfanyisha mazoezi, ndiyo," akasema. "Amekuwa mkaidi."

"Mkaidi! Mwambie! Akiambiwa na sisi hasikii kabisa."

"Baba, simama," mwalimu akaniamuru kwa sauti ya hospitali. "Nyoosha. Tembea mpaka dirishani. Usiegemee. Haya, rudi. Unaona, mama? Anaweza, ila anaogopa kukanyaga pale panapouma."

Mkwe akasema hata yeye alikuwa akilishuku jambo hilo, akaenda jikoni kumwandalia chai mgeni. Mwalimu akakaa karibu nami akashusha sauti.

"Sikuja kukunyang'anya siri," akasema. "Kitabu kimeisha. Kinaweza kwenda kwa mchapaji bila ukurasa ule; watu watasoma mpaka kwenye benchi la baba, na watatosheka. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Usimpe mama yako maneno yasiyo yake. Mwaka mzima umemfufua kwa tabu, usimwue kwa sentensi nzuri."

Nikamwambia ukweli kwamba siwezi, kwa kuwa maneno yale yana mtu aliyeyategemea. Nikamweleza habari zako. Nilimweleza jinsi hujawahi kurudi kukaa nyumbani, jinsi unavyomalizia kila barua kwa "mwana aliyesamehewa," na jinsi ulivyokuja kumzika baba ukakataa kukaa na sisi mbele, ukaniambia kwamba mtu aliyesamehewa hachagui kiti.

Kisha akasema, "Basi ukurasa huo si wa wasomaji. Una mwenyewe. Mpelekee kwanza mwenyewe, halafu yeye ndiye aamue kama utaingia kitabuni."

"Na kama akinichukia?"

"Atakuwa anakuchukia wewe, mzee wangu. Siyo wewe na mama yenu pamoja na nafsi yake."

Mkwe akaingia na chai. Mwalimu akaipokea, akaniamuru nizunguke meza mara moja tena mbele yake, nami nikazunguka.

Kwa hiyo naandika. Salamu nazitanguliza hapa, kwa sababu baada ya haya yanayofuata sitaki kusema neno lingine la kwangu. Msalimie sana shemeji, mwambie ile redio yake ya betri ninayo bado na inakoroma kuliko mimi. Wabusu watoto na wajukuu, na yule wa meno umbusu kwa mbali. Mwanangu na mkwe wanakusalimu. Wanajua naandika barua, hawajui ya nini. Mwalimu naye anakusalimu, ingawa hamjaonana, kwani anasema anakufahamu kwa sauti. Mungu akupe usingizi mzuri na miguu yenye nguvu, akuondolee mzigo ambao si yeye aliyekutwisha.

Sasa sikiliza. Ilikuwa alasiri. Baba alikuwa amesinzia kwenye benchi la nje. Mama aliomba maji, akanywa kidogo, na mimi, kwa ile sauti yangu ya ofisini, nikamuuliza, "Mama, una neno gani la kumwambia Kelele? Umemsamehe?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha ya kigeni. Kisha akacheka. Kile kicheko cha puani. Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua kidogo kwenye mto. Akasema hivi, na hapa sijaongeza wala kupunguza: "Nimsamehe nini? Kwani kanikosea nini huyo? Mwambie aache kuniandikia barua kama anamwandikia hakimu. Mimi nilinuna kwa sababu nilitaka kwenda naye, na hakuna aliyeniuliza."

Hukusamehewa, mdogo wangu. Hapakuwa na kosa.

Nilitoka nikatembea kwenye ukumbi ule wa hospitali nikisahihisha. Nilijiambia kwamba mama wa watu hawezi kuaga dunia kwa kusema alitaka kuiacha nyumba yake, tena mume wake amekaa pale nje na kofia magotini. Nilijiambia namlinda baba, na mpaka natoka kwenda posta kukupigia simu nilikuwa na sentensi iliyonyooka, nikakutamkia polepole, wewe ukilia upande wa pili, mimi nikitamka kama ninayesomesha imla. Lakini baba ni nusu tu ya sababu. Mimi ndiye niliyebaki, Kelele. Mimi ndiye niliyemnunulia dawa, niliyemsomea magazeti, niliyekula chakula chake kila Jumapili na kumsifu. Na mama yangu, miaka yote hiyo, alikuwa anataka kuwa kwenye teksi yako. Sikuweza kuyabeba hayo mpaka posta. Nikabeba mengine.

Kitambaa chako usikitupe. Uzi hauna kosa. Kifumue taratibu, na kama utapenda kushona kitu kingine mahali pake, mama aliongeza jambo moja, ambalo mwalimu wangu aliligundua pengo lake bila kuambiwa, nami nikamdanganya kwa kusema kweli kwamba sikutazama. Alikuwa ameshafumba macho, nikadhani amelala. Akasema, siyo kwangu hasa, kama mtu anayemalizia ugomvi wa zamani:

"Siku ile jikoni nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili. Na hakuna hata mmoja wenu aliyetazama chini."

Wako akupendaye, asiyesahihisha tena,

Kaka yako